Grili ya oveni inajizima na kuku anaungua juu huku ndani mbichi: usikimbilie kununua koili

Mkuu, umesema koili ya juu, yaani ule mrija wa chuma unaotoa joto la grili, inawaka nyekundu dakika chache halafu inajizima, baadaye inawaka tena, na mapaja ya kuku yanaungua ngozi huku kwenye mfupa bado kuna damu. Umeshashauriwa ununue koili mpya. Nakuomba usinunue kwanza.

Yalinikuta hayo hayo. Fundi alikuja, akachungulia, akasema koili imechoka. Nikalipa, akafunga mpya, na jioni ile ile ikawaka, ikajizima, ikarudi, vilevile kama ya zamani. Koili ikikatika kwa kawaida haiwaki kabisa. Yako ikiwa inawaka nyekundu urefu wake wote, kwa hiyo nina imani ni nzima.

Inayoizima ni themostati. Grili inachoma kwa miale, kama jua linavyokuchoma mgongoni: kinachoonwa na koili kinaungua, kilichojificha hakipati kitu. Lakini themostati haipimi miale hiyo, inapima hewa ya ndani ya oveni. Hewa ikishafika joto ulilochagua, inakata umeme, koili inafifia, na chakula kinaokwa taratibu badala ya kuchomwa. Kwa hiyo anza na kitufe cha joto. Wengi tunageuza kitufe kimoja hadi alama ya grili na kusahau kingine kikiwa kwenye 180. Kipandishe hadi mwisho.

Kisha mlango. Baadhi ya oveni za umeme zimetengenezwa ili wakati wa grili mlango uegeshwe. Ukiuvuta kidogo unasimama wenyewe, hewa moto inatoka, na koili inaendelea kuwaka. Yangu ilikuwa ya aina hiyo, na sikuwa nimewahi kufungua ule ukurasa wa kitabu chake. Ila usiige tu: nyingine, hasa zile ambazo feni inazunguka pamoja na grili, zinataka mlango ufungwe, na ukiuacha wazi joto linapanda mbele na kuharibu vitufe. Kitabu cha oveni yako ndicho kinachoamua. Na hata mambo yakiwa sawa, koili kujizima mara mojamoja ni kawaida.

Sasa kuku. Hapo oveni haina kosa, tatizo ni umbali. Grili ni ya vitu vyembamba au vilivyokwisha kuiva. Minofu ya samaki au mkate, weka wavu sentimita 7 au 8 kutoka kwenye koili. Paja lenye mfupa ukiliweka hapo, ngozi itakuwa mkaa kabla joto halijafika katikati. Mimi naoka kwanza kwa nyuzi 200, kama dakika 35, mpaka kipimajoto nilichochoma sehemu nene bila kugusa mfupa kisome 74. Hapo ndipo nawasha grili, dakika 3 au 4 za mwisho, kwa ajili ya ngozi tu.

Na ukaushe ngozi hiyo, tafadhali. Hili ndilo lililobadilisha upishi wangu kuliko yote. Maji yakiwepo juu ya nyama, joto la pale halipandi kupita nyuzi 100 mpaka yaishe, na nyama haianzi kuwa ya kahawia mpaka ifike karibu 140. Kwa hiyo dakika zako za mwanzo zote zinakwenda kwenye mvuke. Futa kwa karatasi ya jikoni, paka mafuta kidogo, na sosi yenye sukari au asali isubiri dakika ya mwisho. Kisha kaa palepale uangalie. Ngozi kwanza inatoa jasho, vipovu vidogo vinachemka pembeni, halafu sauti inabadilika: mchemko mzito unakuwa mchakarisho mkavu. Kuanzia hapo, kutoka dhahabu hadi nyeusi haichukui hata dakika nzima. Usiende kupokea simu.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye oveni angelifanya. Pasha grili dakika 5 hadi 10, tandaza vipande vya mkate kwenye wavu wote, uache mpaka vianze kuiva, kisha uvitoe bila kuvibadilishia nafasi. Hiyo ndiyo ramani ya oveni yako. Yangu inachoma sana nyuma kulia, na ukanda wa mbele wote unabaki mweupe, kwa hiyo katikati ya mapishi nageuza trei.

Kuhusu vyombo: bakuli la kioo usiliweke chini ya grili, hata kama ni la kuokea. Langu lilipasuka vipande na chakula kikaenda chote. Karatasi ya kuokea nayo inashika moto, na sufuria zenye utando wa kutoshika chakula zinaharibika. Tumia chuma. Trei ya chini isijae mafuta. Yakiwaka, zima oveni, funga mlango, acha moto ukose hewa. Usimwage maji.

Ukishafanya yote na koili haiwaki kabisa, tazama kwanza saa ya oveni. Umeme ukikatika na saa ikabaki inamweka, oveni nyingi hazifanyi kazi mpaka uiseti. Ikiwa saa iko sawa, chomoa plagi au zima kwenye saketi breka, subiri koili ipoe, uichunguze kwa tochi. Uvimbe, ufa au alama kama iliyoyeyuka inatosha kuihukumu. Kama huoni kitu, vuta nyaya zake mbili na upime ukinzani wa koili kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Koili ya wati 2000 kwa volti 230 inasoma karibu omu 26. Multimita ikionyesha umeme hauna njia kabisa ya kupita, koili imekatika. Ikisoma vizuri, angalia vichwa vya zile nyaya: kilicholegea kinaungua na kuwa cheusi, na hapo tatizo si koili bali kiungo hicho. Kama hujazoea kushika nyaya, mwachie fundi, lakini mwombe apime mbele yako kabla ya kubadilisha chochote.

Usiku wa leo jaribu kitufe cha joto na mlango kwanza, kisha uniambie koili imekaa nyekundu dakika ngapi.