Mhadhiri haachi kufundisha

Je, kumweka mwanafunzi katikati, yaani ashiriki darasani badala ya kusikiliza tu, ni mhadhiri kuacha kufundisha? Hapana, hakumaanishi mhadhiri akae kimya wanafunzi wajifundishe. Mfano mzuri ni Richard Felder, aliyefundisha uhandisi wa kemikali North Carolina State, Marekani. Mbinu yake: unaeleza kidogo, unasimama, unawapa swali walijadili wawili watatu kwa dakika moja hivi, mathalani "kinachoingia kwenye tangi hili na kinachotoka tuviandikieje mlinganyo?", kisha unamtaja yeyote ajibu. Hapo kwenye kumtaja ndipo penye kazi. Ukisubiri mikono, watajibu walewale wa mbele, huku nyuma watu wanachati.

Na si porojo. Freeman na wenzake, 2014, walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: kwa mihadhara mitupu wanafunzi walifeli wastani wa 33.8%, kwa madarasa ya kushiriki 21.8%.

Ila usiichanganye mbinu hii na nadharia ya "mitindo ya kujifunza", kwamba kila mwanafunzi ana namna yake ya kujifunza, ambayo Felder aliandika na Silverman mwaka 1988. Hiyo imepingwa sana, na mbinu hii ya darasani haiitegemei.