Kabla Hujakaa Kuangalia Muvi za Madude ya Watoto Yanayoua

Kuna aina moja ya muvi za kutisha ambayo watu wengi wanaionea bure. Sio kwamba ni nzuri, nyingi ni mbovu kabisa na ndo raha yenyewe, tatizo wanaziangalia kama wanavyoangalia muvi za majini za kawaida alafu wanalalamika hazitishi. Nazungumzia zile ambazo muuaji ni dubu la kuimba bethidei, au mdoli uliokuwa unatangazwa kwenye tivii, au wale wanyama wa manyoya wa vipindi vya watoto, tabasamu halitoki usoni, kumbe ndani kuna roho ya mtu. Mimi nazipenda mno. Nimeangalia nyingi hapa Mtwara, na kwa vile kila nikipost kitu watu wanakuja inbox "kaka nianze na ipi", leo naandika mara moja nipumzike.

Kwanza kabisa usiangalie peke yako. Muvi ya jini ya kweli kweli unaweza kuzima taa ukajifunika shuka ukateseka mwenyewe, sawa, ila hizi zinataka watu. Zinataka mtu wa kupiga kelele "we toka hapo!", mtu wa kucheka mahali pasipo na cha kuchekesha na mtu mmoja mwoga mnayemkalisha katikati. Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tunaujua huu mfumo, mko kwenye benchi bega kwa bega, joto hilo, na kina Lufufu wanatafsiri juu kwa juu mpaka muvi mbovu inanoga kwa sababu nusu ya maneno hata hayamo kwenye muvi. Basi ndivyo hizi zinavyotakiwa kuangaliwa. Tafuta watu, chemsha ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, kama ni msimu wake, weka chumvi na pilipili pembeni, alafu ndo ubonyeze play.

Nitoe mfano. Kuna Willy's Wonderland ya 2021, ya Nicolas Cage. Jamaa anapita na gari yake kwenye kamji fulani, tairi zinapasuka zote, hana hela ya fundi, anaambiwa lala humu kwenye huu mgahawa wa watoto uliofungwa, udeki, usafishe, asubuhi gari yako itakuwa tayari. Humo ndani kuna mashine za wanyama wa kuimba, na wauaji fulani walishaingiza roho zao humo kwa kafara ya kishetani. Sasa Cage muvi nzima hasemi hata neno moja. Anadeki, mbuni wa chuma anakuja kumrukia, anampiga na mti wa deki mpaka linakufa, anavaa tisheti safi, anarudi kudeki. Saa ikilia anaenda mapumziko, anakunywa soda, anacheza gemu, anarudi kazini. Hata mwenzake akiwa anauawa, kama ni mda wa mapumziko ni mda wa mapumziko.

Niliiangalia nyumbani, laptop nimeichomeka kwenye tivii, shangazi yangu alikuja toka Newala kutibiwa macho ila kakaa mbele kabisa. Hajui Kiingereza, na mimi nilikuwa najitahidi kutafsiri. Mwanzo anauliza, "Huyu baba mbona hasemi, bubu?" Nikamwambia ndivyo alivyo shangazi. Akanyamaza, anaangalia tu jamaa anavyosugua choo. Baadae akasema kwa sauti ya mtu aliyeshamaliza kesi, "Hao madude mnawaonea. Ndondocha ni huyu. Kazi usiku kucha, halipwi, hasemi, na chakula chake ni hicho cha kwenye kopo."

Sebule yote ilikufa kwa kicheko, ila ukikaa ukafikiria, mama wa watu yuko sahihi kuliko wachambuzi wengi niliowasoma. Kwa wasiokulia huku kusini, ndondocha ni mtu mnayejua amekufa na mmezika, kumbe mchawi kamchukua, kamkata ulimi asiseme, mchana kamficha, usiku anamlimisha shamba na kumlisha pumba. Mtwara na Lindi nani hajawahi kusikia shamba la fulani linapaliliwa na mandondocha, korosho zake ndo maana nyingi? Sasa nenda kwenye Five Nights at Freddy's, ile ya 2023. Mgahawa wa pizza uliofungwa, watoto walipotea pale miaka ya 80, roho zao zimo ndani ya dubu, sungura, kuku na mbweha wa chuma, mchana yametulia, usiku yanatembea, na aliyewaua ndiye bado anawaendesha. Mmarekani anahitaji dakika 40 kuelezwa hiyo habari. Mtu wa Tandahimba mwambie sentensi moja tu kashaelewa, tena atakuuliza mganga yuko wapi.

Ndo maana nawaambia wanaosema hizi muvi sio zetu, utisho wake ni wetu kabisa. Kinachotupita ni utani, na hapo inabidi ufanye homework kidogo, siku moja kabla, dakika kumi YouTube zinatosha.

Wenzetu Wamarekani walilelewa na tivii. Mzazi kazini, mtoto sebuleni na dubu wa manyoya anamfundisha kuhesabu, miaka nenda rudi. Kipindi cha watoto cha Sesame Street kilianza 1969, katuni ya Scooby-Doo nayo mwaka huohuo 1969, kwahiyo kuna watu wana wajukuu saa hizi na rafiki yao wa kwanza alikuwa kwenye kioo. Sisi Bara televisheni yenyewe tumeipata 1994, Zanzibar walitutangulia wao walikuwa nayo toka miaka ya 70, na hata hiyo ya 94 mpaka ije kufika Mtwara ikakutana na umeme wa kukatika katika, wengi wa rika langu mlezi wetu alikuwa redio. Mama na Mwana ya Radio Tanzania (RTD), hadithi, nyimbo, basi. Kwahiyo yule Mmarekani akiona dubu linageuza shingo na kumng'ata mtu, anachoogopa sio dubu, ni kwamba huyu alikuwa ananilea. Hiyo hisia lazima uiazime.

Mfano wa utani unaokupita, na samahani kama hujaiangalia bado, ila ni ya 2023 umechelewa mwenyewe. Kwenye Freddy's yule mbaya wa mwisho kaigizwa na Matthew Lillard. Huyu ndo aliigiza Shaggy kwenye Scooby-Doo za watu halisi, ya 2002 na ya 2004. Maana yake yule jamaa mwoga waliyemzoea utotoni akikimbia mizuka na mbwa wake ndo kageuka mwenye mizuka. Na yale madude yenyewe hayakutengenezwa na kompyuta, yametengenezwa kwa mikono na karakana ya Jim Henson, Henson yuleyule aliyetengeneza midoli ya Sesame Street na Muppets. Yaani nyumba iliyowapa marafiki wa utotoni ndiyo imewatengenezea wauaji. Ukijua hivi vitu viwili tu, muvi inabadilika mbele ya macho yako, na unaelewa kwanini ilitengenezwa kwa kama dola milioni 20 ikarudisha karibu milioni 300.

Chucky nae watu wanamchukulia poa. Wengi tumemuona kibandani tukajua ni mdoli mwenye kisu tu, stori imeisha. Rudi uangalie ile ya kwanza, Child's Play ya 1988, angalia mwanzo mwanzo pale. Mtoto Andy anamwandalia mama yake kifungua kinywa, kavaa nguo za Good Guys, ndo jina la midoli ya aina ya Chucky, tivii inaonyesha kipindi cha Good Guys na matangazo ya mdoli huohuo, yaani dogo kauziwa kila kitu na tivii mpaka analia anataka na mdoli. Alafu ndani ya mdoli kuna jambazi aliyehamisha roho yake kwa maneno ya uchawi baada ya kupigwa risasi na polisi kwenye duka la midoli. Kwahiyo kabla hata hajaua mtu, muvi ilishakwambia nani kamwingiza nyumbani. Ni tangazo. Mimi hapo kila siku navua kofia.

Sasa la watoto, hapa nitaongea kwa ukali kidogo. Hizi SIO muvi za watoto. Najua picha ya mbele ina dubu na rangi rangi, najua kwenye simu imekaa karibu na katuni, lakini sio. Dada yangu alienda kuingiziwa katuni kwenye flash kwa ajili ya wanae, duka silitaji, kijana wa pale akaona dubu, akaona sungura, akajaza. Mpwa wangu wa kiume wiki nzima haendi chooni bila kusindikizwa, na kuku wa jirani anawakimbia mchana kweupe kwa sababu ya yule kuku wa Freddy's. Hiyo Freddy's yenyewe ndo laini, Marekani wameipa PG-13, yaani mzazi awe makini na wa chini ya miaka 13. Ya Cage damu inaruka mpaka ukutani. Kwahiyo kagua flash mwenyewe kabla haijaenda kwa watoto, usiangalie jina, fungua file usogeze sogeze mbele uone. Wadogo wekeeni Ubongo Kids au Akili na Mimi, za hapahapa Bongo, Kiswahili chetu, na ndani hakuna aliyefungiwa. (Ingawa miaka 20 ijayo lazima mtu atatengeneza muvi ya kutisha ya kitu cha namna hiyo, kizazi chao ndo hicho kinalelewa na kioo, subirini.)

Mpangilio wangu ukiniuliza ni huu, anza na Freddy's ukiwa na watu waoga, damu ni kidogo na stori inaeleweka. Kikao cha pili wawekee ya Cage, hapo watu washazoeana na makelele. Chucky wa 1988 ndo afuate. Kuna na Banana Splits ya 2019, imetoka kwenye kipindi cha kweli cha watoto cha 1968, mbwa, simba, tembo na sokwe wanapiga bendi, ila huko shida ni mitambo iliyoharibika programu, hakuna mzuka wala kafara, na shangazi alipoambiwa ni kompyuta tu ndo imeharibika akainuka akaenda kulala. Namuelewa.

Na usihangaike na mantiki. Usiulize kwanini hawapigi polisi, kwanini mlango haufunguki, kwanini dude la kilo mia mbili linanyata bila kusikika. Ukianza hayo maswali umeshajiharibia na unawaharibia na wenzako.

Mwisho niongee na vijana wa hapa mnaoshuti vifilamu vifupi na simu, maana nawaona, Shangani pale ufukweni na kule Mikindani kwenye majumba ya zamani, kazi nzuri. Naona mmeanza kuiga hivi vitu, mtu kavaa kichwa cha dubu la kukodi la bethidei anakimbiza wasichana. Achaneni na mgahawa wa pizza, hapa hakuna mtu aliyekua na mgahawa wa pizza. Mtoto wa huku alishaogopeshwa na kitu cha manyoya na sura isiyobadilika kabla hajaiona tivii, tena akiwa anakimbia huku anacheka. Midimu hiyo, ngoma ya vinyago ya Wamakonde inayoendana na mambo ya jando. Kinyago kimechongwa kwa mti mwepesi, kimevaliwa kichwa kizima, nywele za mtu za kweli zimebandikwa, chale za nta usoni, mwili wote umefunikwa usijue ni nani, na watoto wanakisogelea kikigeuka wanatawanyika. Mnatafuta nini tena Hollywood?

Ila kabla hamjagusa midimu nendeni kwa wazee mkaulize, mambo ya jando yana wenyewe na kuna vitu havionyeshwi. Mkiambiwa hapana, tungeni cha kwenu, mchongaji mpeni mchoro awachongee sura ambayo haipo kwenye ngoma yoyote. Mimi ningetengeneza hivi: kipindi cha watoto cha uongo kabisa, cha zamani, mtangazaji mchangamfu na kinyago chake cha kuimba, kimerekodiwa kwenye kanda za VHS zilizokutwa kwenye banda la video lililofungwa. Watoto waliokuwa wanaimba mle hakuna hata mmoja anayejulikana yuko wapi. Alafu shamba la mikorosho la mwenye banda linapaliliwa usiku.

Wimbo wa kipindi uwe mfupi, watoto wauimbe kwa furaha kabisa, msiwaambie waimbe kwa kutisha, na msiweke ile miziki ya ngurumo juu yake. Rekodini sauti ndani, feni ikiwa imezimwa, kwa sababu kazi zenu nyingi nashindwa kusikia maneno kwa upepo wa bahari. Na huyo mtangazaji mchagueni mtu mchekeshaji, kutisha kinyago kitamfanyia. Mkihitaji wa kuwasahihishia Kimakonde kwenye wimbo, mimi changu cha kuungaunga, nitawapa namba ya shangazi.