Anza na panga, wimbo baadaye

Kila mgeni anayenifuata kuhusu sauti za Battle for Wesnoth, mchezo wa vita wa kompyuta, huanza na swali lile lile: nitapata wapi wimbo mkuu wa kampeni yangu, yaani hadithi ya mapambano niliyojitungia ndani ya mchezo? Jibu langu huwa moja. Wimbo utasubiri, anza na mlio wa panga. Huo wimbo mchezaji atausikia dakika tatu, kisha kuna uwezekano mkubwa azime muziki aweke redio yake. Mlio wa panga hana pa kuukimbia. Askari mmoja akishambulia mara moja tu, panaweza kupita mapigo matatu au manne kila upande. Zidisha kwa vikosi kumi na raundi ishirini, utaona ni sauti ipi atakayoota nayo usiku.

Ila kwanza isikike. Wesnoth, mchezo ambao David White aliuanzisha mwaka 2003, unakuachia mlango wazi: kampeni yako inakaa ndani ya data/add-ons, na humo unatengeneza folda mbili, music na sounds. Mchezo haujui kwamba zipo mpaka uuambie kwa tagi (agizo linaloandikwa ndani ya mabano ya mraba) ya binary_path kwenye _main.cfg, faili kuu la kampeni yako. Ukiisahau, hutaona kosa lolote kwenye skrini, ni kimya tu. Ukikutana na kimya hicho, washa mchezo kutoka kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa --log-debug=audio usome unachokisema. Na ukishasahihisha faili, F5 kwenye ukurasa wa mwanzo inatosha, huna haja ya kufunga na kufungua.

Majina ya faili yaandike kwa herufi ndogo, yote. Nililipia somo hili. Kwenye Windows yangu Ngoma.ogg na ngoma.ogg ni kitu kimoja, kwa hiyo kila kitu kililia vizuri. Rafiki yangu anayetumia Linux, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, akacheza kampeni nzima bila ngoma hata moja, akanisifia kwa "utulivu wake". Vilevile, kufuta .mp3 na kuandika .ogg hakugeuzi faili, ni kubandika lebo ya asali kwenye chupa ya mafuta ya taa. Lifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, litoe upya kwa muundo wa Ogg Vorbis, ambao ndio wa .ogg. Wala usipeleke muziki kama WAV, faili la sauti isiyobanwa: dakika tatu za stereo kwa 44,100 Hz na biti 16 ni karibu MB 32, ilhali Ogg ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 3. Kuna mtu atakayeishusha kwa bando la siku.

Sasa panga lenyewe. Studio huhitaji. Nasubiri umeme ukatike, maana hapo friji na feni zinanyamaza pamoja, kisha najifunika blanketi na simu yangu. Kabichi linalokatwa kwa panga linatoa sauti nzuri ya pigo lililoingia. Pigo lililokosa ni ufito mwembamba unaopungwa hewani. Chuma kwa chuma ni tupa ikigongwa kwenye panga, na hapo shika panga kwa vidole viwili tu, ukilikumbatia kiganjani mlio unakufa. Rekodi mara kumi, bakiza tatu. Kwenye animesheni ya shambulio, ndani ya faili la askari wako, ziandike zote tatu zikitenganishwa kwa mkato, na mchezo utachagua moja kila mara bila mpangilio. Pigo moja linalojirudia bila tofauti yoyote huchosha haraka kuliko unavyodhani.

Halafu kata kimya cha mwanzo wa rekodi. Katika animesheni za Wesnoth, sifuri ndiyo wakati silaha inapogusa mwili, na kila kitu kinahesabiwa kwa milisekunde kabla au baada ya hapo. Ukiacha milisekunde 80 za kimya mbele ya faili, adui ataonekana kapigwa kwanza, kisha ndipo kabichi lilie. Mchezaji hatajua kasoro iko wapi, ila ataona mchezo mzito.

Kiwango cha sauti usikikadirie kwa sikio pekee. Fungua faili moja la mchezo wenyewe kutoka data/core/sounds, liweke juu ya lako ndani ya Audacity, linganisha mawimbi. Mawimbi ya lako yakiwa na kimo mara mbili, lishushe. Na usikilize kwa spika ndogo za kompyuta, usitegemee hedfoni tu. Ngoma yangu kubwa ilitetemesha kifua kwenye hedfoni, kwenye laptopu ya mpwa wangu ikatoa "tk". Dawa yake ilikuwa kuchanganya na kofi la mkono kwenye ukingo wa ngozi, kwa sababu sauti hiyo ya juu spika ndogo zinaiweza.

Mpwa huyo huyo ndiye aliyenifunza kuhusu sauti za mazingira. Tagi ya sound_source inakuruhusu kuweka sauti mahali fulani kwenye ramani, na delay pamoja na chance zinaamua ije baada ya muda gani na kwa bahati kiasi gani. Niliweka mawimbi ufukweni kila sekunde tano, chance 100. Akauliza kama kuna bomba linavuja.

Muziki una mtego mmoja tu wa kukwepa. Niliandika tagi nne za music, nyimbo nne, ukasikika wa mwisho peke yake. Tagi isiyo na append=yes hufuta orodha iliyotangulia.

Usichukue wimbo wa msanii, hata kama ni taarabu ya zamani ambayo kila mtu anayo kwenye simu. Kinachopandishwa kwenye seva ya nyongeza za Wesnoth huwa chini ya leseni ya GPL, na muziki unaweza kuwekwa chini ya leseni nyingine huria, CC BY-SA 4.0. Maana yake mtu yeyote ataruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha, na huwezi kutoa ruhusa ya mali isiyo yako. Mzee aliyenipigia ngoma nilimweleza hivyo kabla hatujaanza kurekodi. Akafikiri kidogo, akauliza kama jina lake litaonekana. Nikamwonyesha tagi ya about, panapoandikwa walioshiriki. Akataka liandikwe kwa herufi kubwa.