Kabla hujaweka kiti cha meno kwenye nyumba ya Mji Mkongwe

Miezi michache baada ya kufungua kliniki yangu Mji Mkongwe, Unguja, ukuta nyuma ya kiti ulianza kutoa chumvi. Kwanza unga mweupe, kisha vipande vizima vya plasta vikawa vinadondoka. Mgonjwa mmoja, nilipotoa mikono kinywani mwake, swali lake la kwanza halikuhusu jino: "Daktari, jengo hili salama?"

Kosa lilikuwa langu. Nilitaka kuta zinazong'aa, za kuoshwa kwa dawa, nikaagiza saruji na rangi ya mafuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wake mnene hunyonya unyevu wa ardhini, ukautoa taratibu. Fundi mzee wa chokaa niliyemwita aliuwekea kiganja tu. "Ukuta unatoka jasho," akasema, "na wewe umeuvisha koti la mvua."

Tulibandua kila kitu, tukapiga chokaa, tukasubiri. Pa kuoshwa tuliweka paneli kwenye fremu, sentimita 5 mbali na ukuta, wazi juu na chini.

Kwa hiyo anza na maji. Kiti kimoja kinataka bomba la maji safi, la maji machafu, la hewa na la kunyonya mate, na fundi bomba atataka kuchimba ukuta ayafiche. Mkatalie. Mimi niliinua sakafu sentimita 15, mabomba yakapita chini, na mbao zinafunguka. Likivuja, tunaliona siku hiyo hiyo.

Ghorofani kuna upepo mzuri, najua. Lakini sakafu ya huko imebebwa na boriti za mikoko, na kiti pamoja na mgonjwa ni zaidi ya kilo 200. Kaa chini. Urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba, kama mita 3, basi kabla ya kuagiza kiti nililala kwenye mkeka, msaidizi wangu akanizunguka na trei. Aligonga ukuta mara mbili, tukageuza mkeka.

Mchoro upeleke Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe kabla hujanunua hata bomba. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000.

Kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kiti, iko uani, juu ya mpira mnene. Bibi wa jirani bado analalamika, hivyo ikiadhiniwa tunaizima.