Mtoto kilo 11 na mabega yanawaka moto: mbeleko ya mikanda iliyonifaa

Mleta mada umesema binti yako ana miezi 8 na kilo 10, kila asubuhi unatoka naye Mbezi kumpeleka kwa bibi yake, na hicho kibebeo ulichozawadiwa kinakukata mabega mpaka usiku huwezi kuinua mkono kuchana nywele. Unauliza ununue kipi kwa elfu 60. Pole dada. Nimepita hapo hapo, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nianze kwa kumpinga mdau aliyesema huko juu utafute chenye sponji nene mabegani. Na mimi niliamini hivyo, nikalipia imani yangu. Kazi ya mabega ni kumzuia mtoto asichomoke kwenda nyuma au mbele, basi. Kilo 10 zinatakiwa zikae kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga. Kibebeo kisichoshusha mzigo kiunoni, hata ukikijaza sponji ya godoro, kitakukata tu. Kitachelewa dakika 10, lakini kitakukata.

Wangu ni wa kiume. Siku ya chanjo ya surua, miezi 9, mzani ulisoma kilo 11 kasoro kidogo. Kwenye chati za Shirika la Afya Duniani mtoto wa kiume wa katikati kwa umri huo ana kilo 8.9, kwa hiyo nukta ya kwangu ilikuwa juu kabisa, inakaribia kutoka kwenye kadi. Nesi akacheka: "Mama, huyu ananyonya au anagombania ugali na baba yake?" Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka. Nilikuwa nimetoka Tabata nimembeba kifuani, nimesimama kwenye daladala njia nzima.

Kibebeo nilichokuwa nacho nilikinunua kipya Kariakoo, elfu 35, ndani ya boksi lenye picha ya mama wa Kizungu anacheka. Boksi limeandikwa kinabeba hadi kilo 15. Mikanda ya mabegani imevimba kama mto. Kiunoni kulikuwa na kamba tu, nyembamba kama ya begi la shule, na kitambaa anachokalia mtoto kilikuwa na upana wa kiganja changu. Miguu ikawa inaning'inia wima, mtoto amekalia nepi. Nikivua jioni nakuta mifereji miwili mabegani, na yeye ana mistari myekundu mapajani kwa ndani. Nikarudi kulalamika, muuza duka akaniambia mtoto ndiye mnene.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu alipokuja kutoka Tanga. Aliniona najifunga mlangoni, akaniuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, huyo unatoka naye au unampeleka kupimwa uzito?"

Walio na watoto mnaijua ile suruali ya mzani wa kliniki, mtoto anapitishwa miguu kwenye matundu kisha ananing'inizwa kwenye ndoano, analia. Ndivyo kibebeo changu kilivyokuwa. Nilikuwa natembea na mzani wa kliniki kifuani, tofauti ni kwamba ndoano ni mimi.

Mama akaomba doti ya khanga. Nikamletea mpya, akairudisha, ina wanga bado na inateleza. Akataka kuukuu, ya pamba, iliyofuliwa mpaka imelegea. Akanikunja mgongo mbele kama ninayeokota kitu, akamtelezesha mtoto mgongoni mpaka kichwa kikawa usawa wa shingo yangu, miguu ikanikumbatia kiuno kulia na kushoto. Kipande cha kwanza akakipitisha chini ya makalio, kikafika mpaka kwenye vikunjio vya magoti, akakivuta mbele na kukifunga kiunoni kwa nguvu mpaka nikaguna. Kipande cha pili kikafunika mgongo wa mtoto, kikapita chini ya makwapa yangu, fundo juu ya matiti. Akanipiga kofi la mgongo: "Inuka." Nikainuka. Mtoto yuleyule, kilo zilezile, nikahisi kama mtu ameniazima nyonga mpya. Tulienda sokoni Tabata Bima na kurudi na sikumtua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kipande cha chini ndicho kilichobeba, cha juu kilishikilia tu. Mbeleko ya mikanda iliyo nzuri inafanya kazi hiyohiyo, imeshonewa vifungio badala ya mafundo. Na si ajabu. Ann Moore, nesi wa Kimarekani aliyejitolea Togo miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni, aliporudi kwao akatengeneza kibebeo cha Snugli na kukisajili hataza mwaka 1969. Vitu vinazunguka, vinaturudia na boksi.

Swali lako sasa: ununue kipi. Sahau jina kwanza, kishike mkononi. Mkanda wa kiunoni uwe mpana, walau vidole vinne, mgumu kiasi, na uzunguke mwili wako wote kabla ya kufika kwenye kifungio. Ukiukunja ukajikunja kama karatasi, mzigo ukikaa utakuchimba tumboni. Halafu tazama kalio. Mkalishe mtoto, upime kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili: kitambaa kinatakiwa kijaze nafasi hiyo yote, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, ukimtazama kwa mbele miguu imechora herufi M. Mkao huo una faida mbili. Wataalamu wa nyonga za watoto wanaupendekeza kwa sababu kichwa cha paja kinakaa vizuri kwenye kikombe chake, na wewe unapata nafuu kwa sababu uzito umesambaa kwenye mapaja yake na kushuka kwenye mkanda badala ya kuning'inia kwenye mabega yako.

Mgongo wa kitambaa umfikie chini ya shingo, mikono ikiwa nje au ndani. Kwa mtoto mrefu vibebeo vingi vinaishia katikati ya mgongo, akilala anaanguka upande kama gunia. Hicho usichukue.

Ile namba ya kilo kwenye lebo isikudanganye kama ilivyonidanganya mimi. Inakwambia nguo na plastiki hazitakatika. Haisemi lolote kuhusu mgongo wako. Mbeleko ya kampuni ya Ergobaby iitwayo Omni 360, kwa mfano, imeandikiwa kilo 3.2 hadi 20.4, na kampuni ya Tula wana ya watoto wakubwa inayoanzia kilo 11.3. Hizo zimejengwa kiunoni, ndiyo maana watu wanazisifu, ila bei yake mpya haiko kwenye elfu 60 zako wala zangu.

Aina nyingine nizitaje haraka. Kile kitambaa kirefu kinachovutika ni kitamu kwa kichanga. Akifika kilo 8 hivi kinanesa kila hatua na mtoto anashuka mpaka kwenye mapaja yako. Cha pete, cha bega moja, kinafaa kutoka kwenye gari hadi ndani, si safari. Vyenye kigoda kiunoni vimejaa Kariakoo na rafiki yangu anakiapia cha kwake, mtoto anapanda anashuka dakika mbili mbili. Kwangu kilinishinda: kizito chenyewe, kinachukua nafasi ya abiria mzima, na konda hana huruma. Kumgeuza mtoto atazame mbele kwa uzito huo, hapana. Anajisukuma mbali na mwili wako na kiuno chako ndicho kinamrudisha.

Mimi nilikipata Karume, kwenye mitumba. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, wauzaji wa mabegi na vitu vya watoto huwa navyo, wengine hawajui hata ni nini. Niliyemkuta alikuwa amekitundika pamoja na mabegi ya mgongoni, kijivu kilichopauka, mkanda wa kiunoni mpana kama mkono wangu uliokunjuliwa. Alianza na 25,000, tukaelewana 18,000. Kabla sijatoa hela nilifunga na kufungua kila kifungio mara kadhaa, sikio karibu. Kinatakiwa kilie "tak" moja safi. Plastiki iliyo na alama nyeupe kwenye mikunjo imeshachoka na jua, iache hata kama unapewa bure. Nikageuza ndani kutazama pale mkanda wa bega unaposhonewa kwenye mwili: mshono mzuri una umbo la kasanduku lenye msalaba ndani. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu nimeukanyagia. Muuzaji akasema, "Dada, unanunua au unagombana nacho?"

Mtoto ndiye mzani wa mwisho. Nenda naye. Kama huwezi, fanya nilivyofanya kwa kingine nilichomchagulia wifi yangu: niliomba kiroba cha sembe cha kilo 10 duka la jirani, nikakiweka ndani, nikatembea robo saa. Watu walinishangaa lakini jibu lilikuja dakika ya 8. Mabega yakianza kuongea kabla ya robo saa, rudisha.

Ukifika nacho nyumbani kifue kwa sabuni ya kawaida, Jik usiiguse, inakula mishono. Sponji inachelewa kukauka, hivyo fua Jumamosi, usije ukavaa mbichi Jumatatu. Na ikiwa mshono umeachia, mpe fundi anayeshona mabegi au viatu, mwenye uzi mnene. Fundi wa magauni hapana, kwa upendo wote.

Kuvaa kwenyewe kunaharibu hata kibebeo kizuri, na hapa ndipo naona wengi wanakosea. Anza na kiuno, mabega baadaye. Mkanda uukaze usawa wa kitovu au juu kidogo, ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukiuacha ushuke kwenye makalio, mtoto atakuvuta nyuma siku nzima. Ukaze kuliko unavyodhani inatosha. Mweke mtoto, mnyanyue makalio mara moja akae ndani ya kitambaa, kisha vuta mikanda ya mabega mpaka awe ameganda mwilini. Ule mkanda mdogo unaounganisha mabega, ukimbeba mbele unakaa nyuma kati ya mifupa ya mabega, si kwenye shingo. Mimi niliuweka shingoni wiki nzima, kisha nikawa nalaumu mto wa kulalia. Akiwa kifuani uweze kumbusu utosi bila kujinyoosha, uso wake unauona, pua wazi, kidevu hakijagusa kifua chake.

Kwa kilo 10 mhamishie mgongoni, maadamu anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mbele anakuficha miguu, huoni ngazi wala mtaro, na kiuno kinajipinda kurudi nyuma kumsawazisha. Mara za kwanza fanyia kitandani, au mwambie mtu asimame nyuma yako. Mimi nilifanya mazoezi na mume wangu akiwa amenyoosha mikono kama golikipa.

Na huyo mume, nisimsahau. Khanga hakubali kuvaa, anasema wenzake watampiga picha. Mbeleko ya mikanda anavaa, tena akienda dukani anapita njia ndefu ili aonekane. Kwa hiyo angalia kama mikanda inarefuka vya kutosha kwa mtu mwingine mnene au mrefu kuliko wewe, na irudi bila kutafuta nusu saa. Kwetu tulichora alama ya kalamu mahali pangu na mahali pake, ugomvi ukaisha.

Mambo mawili nisiyoyafanyia mzaha. Usipande naye bodaboda umemfunga mgongoni, na usisimame jikoni kwenye mafuta ya moto naye akiwa kifuani, mikono yake inafika mbali kuliko unavyofikiri. Na kama ulijifungua kwa upasuaji na mshono bado unauma mkanda ukikaa, au maumivu ya mgongo yanashuka mguuni pamoja na ganzi, hiyo si kazi ya kibebeo, nenda hospitali.

Kwa elfu 60 zako ningekwenda Karume na elfu 30, na 15 ningenunua kitenge kizito cha pamba, siyo kile cha kuteleza, ukae nacho kwenye begi kwa siku ambayo kifungio kitakusaliti kituoni. Hicho ulichozawadiwa usikitupe, mpe mwenye kichanga chepesi ambacho bado kinatosha ndani yake, ila mwambie amkunje miguu vizuri. Ukipata kingine, jipige picha ya ubavuni ukiwa umekivaa na mtoto yumo, uibandike hapa tuone mkanda umekaa wapi. Mbele haionekani kitu, watu wengi wanatuma ya mbele.