Tuzo za maigizo tuzifanyie wapi, ngomeni au hotelini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi ni vikundi vya maigizo vya Lamu na Malindi tumeungana, mwakani tunataka kutoa tuzo zetu wenyewe kwa mara ya kwanza na kuna kituo cha tivii kimekubali kutuonyesha. Sasa kamati imegawika mapande mawili. Wa Lamu wanataka ndani ya Ngome, wa Malindi wanasema kuna hoteli kwao ina ukumbi wa viti 800, ina kiyoyozi na gari la matangazo linafika mpaka mlangoni. Kila kikao ni ugomvi na mimi katibu nimechoka. Kuna mmoja anasema ati hata zile tuzo za Tony, za michezo ya jukwaani kule Marekani, huhamahama ukumbi, ni kweli? Tuzo zetu ni 12, kila moja wanashindania watu 4, alafu vikundi 5 vitaigiza vipande vyao. Tusaidie.
Katibu, Mkomani, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na vikao. Nianze na hilo la Tony manake huyo mwenzenu hajakosea hata kidogo na kisa chenyewe kinawahusu nyie zaidi ya mnavodhani.

Tony zilianza 1947 kwa karamu kwenye ukumbi wa hoteli ya Waldorf Astoria kule New York, na kwa karibu miaka 20 zikawa ni mambo ya mahoteli hivo hivo, watu wanakula, wanapewa tuzo zao, wanarudi makwao. 1967 ndo zikaonyeshwa kwa tivii nchi nzima kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo zilifanyiwa Shubert, ukumbi wa michezo hasa, pale pale Broadway, mtaa wa kumbi za michezo wa New York. Mie sioni ajabu. Ukumbi wa karamu umejengwa watu watazamane wao kwa wao mezani, dari liko chini, sakafu ni sawa mwanzo mpaka mwisho, ukikaa safu ya kumi unaona visogo tu. Na kamera inaona vile vile unavoona wewe, visogo na vijiko.

Baadae 1997 wakaenda Radio City, jumba la 1932 lenye viti karibu 6,000 na jukwaa la futi 144 kwa upana, yaani mchezo mzima wa nyimbo na watu wake 40 unaingia na nafasi inabaki. Alafu kuna faida nyingine, pale hakuna mchezo unaoigizwa kila siku wa kusimamishwa, ukichukua ukumbi wa Broadway wenye mchezo wake ndani inabidi uwaombe wenyewe wakupishe. Lakini hata Radio City hawakuipata kila mwaka. 2011 na 2012 jumba lilikuwa na watu wa sarakasi wa Cirque du Soleil, ikabidi wahamie Beacon yenye viti vichache vya 2,900, kwa hivo nusu nzima ya viti vya mwaka wa nyuma haikuwepo tena. 2023 wakaenda United Palace, jumba la sinema la 1930 lililo mbali juu huko Washington Heights, na mwaka ule waandishi wa filamu na tivii walikuwa kwenye mgomo kwa hivo shughuli nzima ilienda bila maandishi ya kusoma. 2024 ikawa ukumbi wa David Koch pale Lincoln Center ambako kwa kawaida ndo nyumbani kwa wacheza baleti, 2025 wakarudi Radio City. Sasa nyie mnagombana kama mkikosea mwaka wa kwanza basi ndo mmefunga ndoa na ukumbi. Hamjafunga.

Tuje kwenu. Kabla hata ya kutaja jina la ukumbi kaeni mhesabu watu, nami nimewahesabia kwa barua yako. Washindani ni 48, kila mmoja na mtu wake, hao 96. Vikundi 5, tuseme kila kimoja watu 15, hao 75. Waamuzi, wazee wa mji, wafadhili na watu wa kaunti wape 40. Jumla 211. Kamera ya katikati haikai hewani, inataka jukwaa lake na fundi wake na waya zake, na walio nyuma yake hawaoni kitu kwa hivo viti vile mhesabu vimekufa, mie huwa natoa 30 kwa kamera tatu. Mna shughuli ya viti kama 250 hivi, mkiongeza wananchi wa kawaida kidogo labda 350. Na wenzenu wanataka kuwaingiza kwenye ukumbi wa 800.

Hapa nitasema jambo ambalo bado linaniuma. Miaka ya nyuma nilisaidia sherehe ya vikundi vya vijana kwenye ukumbi mkubwa wa hoteli moja hapa Pwani, tukajisifu na ukubwa wake wiki nzima, usiku wenyewe wakaja watu 260. Ukiwa ndani ulikuwa unaona watu wako, wanashangilia, raha tupu. Nikaja nikaitazama kwa tivii. Kila kamera ikigeuka ni viti vitupu, binti anapanda kuchukua tuzo yake analia kwa furaha na nyuma yake ni safu kumi za vitambaa vyeupe vilivofungwa mikia. Mamake aliniuliza mbona watu hawakuja kumuona mwanangu. Walikuja! Lakini tivii ilisema hawakuja na hakuna awezaye kuibishia tivii. Tangu siku ile mtu akiniambia ukumbi mkubwa namuuliza utaujaza na nani.

Kwa hivo mie niko na Ngome, na nasema bila kupepesa macho. Imeanza kujengwa 1813 baada ya vita vya Shela, ikawa jela kwa miaka mingi mpaka 1984, sa hivi ni makumbusho, na ule uwanda wake wa ndani una kuta pande zote nne. Hilo ndo dawa. Watu 250 mle ndani wanajaa, kicheko kikitoka kinagonga ukuta kinarudi, kamera popote igeukapo inakuta ama uso wa mtu ama jiwe la kale, hamna pengo. Vile vyumba vya pembeni waigizaji wanabadilishia nguo. Na sio jambo geni, Zanzibar tamasha la filamu la ZIFF limeonyesha picha zake miaka na miaka ndani ya Ngome Kongwe, usiku, watu wamekaa wazi chini ya nyota.

Lakini nisikudanganye katibu, Ngome ina kazi yake na wa Malindi hawajasema uongo kuhusu gari. Gari la matangazo halitaingia mji wa Lamu, litaishia Mokowe, bara, kwenye gati la boti. Basi waambieni watu wa tivii mapema, sio wiki moja kabla, waje na mitambo ya masanduku, inashuka kwa boti, inabebwa kwa mkokoteni au punda, wanafunga chumba kimoja cha Ngome kiwe ndo gari lao. Wakisema lazima iwe laivu waulizeni intaneti watatoa wapi na waipime pale pale uwandani usiku ambapo mji mzima uko mtandaoni, sio saa nne asubuhi. Wakisitasita rekodini muonyeshe kesho yake, hakuna haramu. Jenereta iwe mbili na zikae mbali, sauti ya jenereta ikishaingia kwenye maiki haitoki.

Kuta zile hazipigwi msumari hata mmoja. Taa zote zisimame kwa miguu yake mwenyewe, na barua ya ruhusa kwa watu wa makumbusho iandikwe kabla hamjachapisha kadi.

Alafu saa. Anzeni baada ya sala ya isha. Kwanza ni heshima, misikiti iko karibu pande zote na adhana haikatizwi na mtangazaji. Pili hata fundi wa kamera atakushukuru, mkianza jua linazama mwanga unabadilika kila dakika na sura ya mshindi wa kwanza haitafanana na ya mshindi wa tatu. Tarehe nayo msichague kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake. Ramadhani isiwaangukie, Maulidi pia manake mji unafurika na hamtapata pa kulaza wageni. Kusi la mwezi wa sita mpaka wa nane linapuliza vibaya, mie ningeenda mwezi wa kumi bahari imetulia. Na najua kuna mtu kwenye kamati atasema tuweke usiku wa mbaamwezi ipendeze, mkatalieni, mbaamwezi ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na maji ya bamvua huku kwetu hupwa kama saa nne usiku hivi, yaani ndo saa wageni wa Malindi na Manda wanatoka, mabibi na magauni yao wanashuka ngazi za gatini zenye ukoko wa kijani kutafuta boti iliyo chini huko. Chagueni maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana.

La mwisho, tengeni upande wa kina mama uwe mzuri, sio kona ya nyuma ya spika. Wako wengi Lamu hawataki kuchanganyika wala kutiwa kwenye skrini na ndo hao wanaowashonea nyie nguo za maigizo. Fundi wa kamera aonyeshwe mapema wapi asielekeze.

Na Malindi wasiondoke mikono mitupu. Waamuzi watazame michezo yote ya mchujo Malindi, hata jina la mshindi wa kila mchujo litangazwe huko. Wakikubali hilo kikao chenu kijacho kitaisha kabla chai haijapoa.

SWALI: Mie nasema hao wa tuzo za maigizo mbona wasifanyie pale Nguzo ya Vasco da Gama Malindi? Bahari iko nyuma, picha itakuwa kali dunia nzima.
Kijana wa Maweni, Malindi

JIBU: Kijana, picha itakuwa kali kweli, dakika mbili. Nguzo imesimama juu ya mwamba uliochomoza baharini, tangu 1498 walipofika wale Wareno upepo wa pale haujapumzika. Kila maiki itaimba upepo, mawimbi yatakula mazungumzo, na usiku ile bahari unayoisifu ni giza jeusi tu nyuma ya mtangazaji, huioni. Pigeni picha za washindani pale jioni moja kabla, muweke kwenye kipande cha kufungulia shughuli. Watu waketi kwengine.

SWALI: Assalam aleikum. Mwanangu anashindania tuzo ya muigizaji bora wa kikundi chao na kamati imempa kadi moja tu ya mtu wa kufuatana nae. Amempa mkewe. Mie niliemlea peke yangu nitazame kwa jirani?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Kadi moja si ubaya wa kamati, hata huko kwa wakubwa ukumbi ukipungua viti watu wazima wenye pesa zao hukosa, lakini yako nisingeiacha ipite. Kila shughuli ya tivii ina viti vya akiba, mtu akiinuka kwenda jukwaani au chooni hukalishwa mwengine kiti kisionekane kitupu. Vikundi vitano vitakuwa vinapanda na kushuka usiku kucha, kila kikundi kikiwa jukwaani kinaacha viti 15. Mwendee katibu, mwambie unataka kuwa mmoja wa wajaza viti, si aibu, ni kazi na wanaihitaji wala hawajaifikiria bado. Umwombe akuweke karibu na njia, safu ya nyuma ya mwanao. Wanaposoma majina ya wanne kamera itamsogelea uso wake, na nyuma ya bega lake utakuwa wewe.