Maswali na Majibu: Jeni zinazofanya kazi katika saratani za damu na uboho

Shikamoo daktari. Mdogo wangu anatokwa damu puani na amepauka, na hospitalini wanataka kumtoa uboho nyongani. Kwa nini damu ya mkononi isitoshe? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Damu ya mkononi ni mazao yaliyokwisha kufika sokoni, ilhali uboho, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, ndilo shamba lenyewe, na ugonjwa unaweza kuwa umelijaza shamba huku sokoni zikionekana seli chache tu zisizo za kawaida. Mgonjwa huchomwa ganzi nyuma ya nyonga, kisha huvutwa mililita chache za uboho. Maumivu ya kuvuta huwa makali kwa sekunde chache, na ni haki yake kuambiwa mapema. Fundi maabara hulitandaza tone kwenye kioo akitafuta vipunje vinavyong'aa kama mafuta, kwani visipokuwepo huenda kilichovutwa ni damu tupu.

Nafundisha baiolojia. Ikiwa karibu kila seli ya mtu ina jeni zilezile, kuzichambua kutatuonyesha nini? (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, hapo umegusa kiini cha jambo. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, lakini kila seli huzitumia baadhi na kuziacha nyingine zimelala. Kaya mbili za Uyole zinaweza kuwa na mbegu zilezile ghalani, moja ikapanda viazi na nyingine mahindi. Ukitaka kuzitofautisha, hutaingia ghalani, utatazama kilichoota. Jeni inayofanya kazi hunakiliwa kuwa RNA, na kwa kupima wingi wa nakala hizo tunajua ipi imeamka na kwa nguvu gani.

Mwaka 1999 Todd Golub na wenzake nchini Marekani walichambua sampuli 38 za uboho wenye lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokua upesi, wakaona kwamba jeni 50 zilitosha kutenganisha lukemia ya mayeloidi na ile ya limfoidi, aina mbili zinazoanzia kwenye koo tofauti za seli za damu, ambazo dawa zake hazifanani. Mwaka 2000 Ash Alizadeh na wenzake walionyesha kuwa limfoma ya seli B kubwa, saratani ya aina mojawapo ya seli nyeupe za kinga, iliyohesabiwa kuwa ugonjwa mmoja chini ya hadubini, ina walau aina mbili, na wagonjwa wa aina moja waliishi muda mrefu zaidi kuliko wa nyingine. Matokeo hayo hunigusa sana, kwa sababu wagonjwa wawili wenye jina moja la ugonjwa kwenye faili hupewa dawa ileile, mmoja akapona na mwenzake akafariki, kisha ndugu wakaanza kutafuta nani alikosea, kumbe tangu mwanzo yalikuwa magonjwa mawili.

Nina lukemia sugu ya mayeloidi na ninameza imatinibu. Najisikia mzima kabisa. Bado kuna haja ya kupimwa kila baada ya miezi mitatu? (Msomaji, Mafinga)

Ipo, ndugu yangu, na nakusihi usiache dawa kwa uamuzi wako. Ugonjwa wako hutokana na vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ya 9 na ya 22 kubadilishana nafasi na kuunda jeni iitwayo BCR-ABL, ambayo huziamuru seli zizaliane bila kikomo. Kipimo huhesabu nakala za RNA ya jeni hiyo, nacho huona mabaki ambayo hadubini haiyaoni kamwe. Baada ya miezi 12 ya tiba tunatamani kiwango cha nakala hizo kiwe kimeshuka hadi asilimia 0.1 au chini yake. Kikianza kupanda, daktari atauliza kwanza kama umeruka dozi, kisha atafikiria kubadili dawa, yote hayo kabla hujahisi lolote.

Je, saratani hizi hurithiwa? (Msomaji, Mbeya mjini)

Kwa walio wengi, hapana. Hitilafu hutokea ndani ya seli za uboho wakati wa uhai wa mtu. Wala haziambukizwi kwa kula pamoja.

Sampuli ya baba ya kupima jeni ilitumwa mbali, jibu likarudi kwamba haifai. Wametuhadaa? (Msomaji, Njombe)

Si lazima. RNA huharibika upesi, kwani damu yenyewe ina vimeng'enya vinavyoikatakata, na kichupa kilichoshinda kwenye gari juani huweza kufika kikionekana kizima huku nakala zimekwisha kuvunjika. Mtakapotoa tena, ulizeni mambo mawili: imetolewa saa ngapi, na itasafirishwa kwenye baridi au katika dawa ya kuhifadhi RNA. Wakati mnasubiri, hesabu kamili ya damu na kioo cha damu (tone lililotandazwa na kutazamwa kwa hadubini) vifanyike hapo hapo, maana matibabu ya dharura hayangoji jibu la jeni.